Amepimwa, kisha nini?

*Kila Januari, matokeo ya upimaji wa darasa la nne hufika kwenye simu za wazazi. Makala haya yanaifuata D moja kutoka kwenye kioo cha simu hadi kwenye daftari la mtoto, na kuuliza nani atamwinua kabla ya 2027.*

Mwanzoni mwa Januari 2025, mama mmoja jirani yangu hapa Mbagala alinigongea mlango akiwa na simu mkononi. Huuza vitafunwa asubuhi, na kanga yake ilikuwa bado inanukia mafuta ya kukaangia. Matokeo ya upimaji wa darasa la nne yalikuwa yametoka. Kijana wa kibanda cha huduma za pesa alikuwa amemfungulia ukurasa wa shule ya bintiye. Alitaka nimsomee.

Nilishuka na orodha mpaka nikalipata jina. Mstari wake ulikuwa mfupi: Kiswahili C, Kiingereza E, Maarifa ya Jamii D, Hisabati E, Sayansi na Teknolojia D, Uraia na Maadili C. Mwisho kabisa, wastani wa daraja D.

Mama aliuliza swali moja tu: amefaulu au amefeli?

Nilimjibu kwa kanuni zilivyo. Amefaulu, anaingia darasa la tano. Akamshukuru Mungu, akarudi kwake mbio, na muda si mrefu watoto wa uani wakaitwa kunywa soda.

Jioni binti mwenyewe alikuja kuniamkia. Shikamoo, anti. Marahaba. Nilimpa hongera yake, kisha nikachukua karatasi na kumwandikia hesabu moja ya kutoa: 402 toa 187. Aliinama, akauma kalamu, akaandika jibu bila kusitasita: 385.

Jibu sahihi ni 215. Lakini 385 haikuwa ya kubahatisha. Nilimwomba anieleze alivyofanya, akaonyesha kwa ncha ya kalamu: mbili na saba, kubwa ni saba, toa mbili inabaki tano. Sufuri na nane, kubwa ni nane, inabaki nane. Nne toa moja, tatu. Kila mahali alitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Hakuwahi kuelewa kuazima kumi kwa tarakimu ya jirani.

Hilo ni kosa moja. Lina jina, lina chanzo chake, na mtu mwenye subira na njiti za kiberiti anaweza kulishughulikia ndani ya siku chache. Kwenye simu ya mama yake, kosa hilo lilikuwa limeandikwa E na basi.

D mbili, maana mbili

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, miaka miwili baada ya nchi kujitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki. Tangu hapo limekuwa ndilo mwamuzi wa elimu yetu, na herufi zake ndizo lugha ambayo mzazi na shule huongea.

Tatizo ni kwamba herufi hizo hazina maana moja kila mahali.

Katika utaratibu aliopimiwa binti huyu, masomo ni sita, kila somo lina alama 50, jumla alama 300. Daraja D la jumla linaanzia alama 61 hadi 120. Mwenye A, B, C au D huhesabiwa kuwa amefaulu, naye huvuka kwenda darasa la tano. Wa E hukariri darasa.

Kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, darasa la saba, masomo ni sita vilevile na alama ni 300 zilezile. Ila huko mstari wa ufaulu umepanda. Waliofaulu ni wa A, B na C, na C inaanzia alama 121. Mwenye D hakufaulu.

Mtoto anaweza basi kupata alama 93 darasa la nne, nyumbani wakanywa soda. Akaenda miaka mitatu kwa mwendo uleule, akapata alama 93 zilezile darasa la saba, nyumbani wakalia. Alama hazikubadilika. Kilichobadilika ni mahali mstari ulipochorwa, na hakuna aliyemweleza mama yake.

> D ya darasa la nne ni kufaulu. D ya darasa la saba ni kufeli. Kati ya hizo mbili kuna miaka mitatu ya ukimya.

Takwimu za taifa nazo huuficha ukweli huu. Katika upimaji wa 2023, takriban asilimia 83 ya wanafunzi wa darasa la nne walipata A hadi D. Kwa kidato cha pili, waliofaulu walikuwa takriban asilimia 85. Ni habari njema kusomwa mbele ya kamera. Lakini ndani ya hiyo 83 yumo mtoto wa alama 290 na yumo wa alama 61, na wote wawili wameambiwa neno lilelile: umefaulu.

Kupima ni kupima

Wataalamu wa elimu hutofautisha mtihani na upimaji. Mtihani unamaliza safari na kutoa cheti. Upimaji hufanyika njiani, ili mwalimu ajue nani kabaki nyuma na kabakia wapi. Ndiyo maana kipimo cha darasa la nne na kidato cha pili kinaitwa upimaji wa kitaifa, na cha darasa la saba na kidato cha nne kinaitwa mtihani.

Neno hilo tunalitumia pia zahanati. Mtu akipimwa akakutwa na malaria, hatoki pale na karatasi ya kutundika ukutani. Anatoka na dawa, maelekezo ya kuzimeza, na siku ya kurudi. Kupima bila dawa kungetufanya tuvunje dirisha la maabara.

Binti wa jirani yangu alipimwa. Akakutwa hajui kutoa kwa kuazima, na Kiingereza hajakigusa. Akatoka na herufi.

Geti linalofungwa na kufunguliwa

Kwa muda mrefu mjadala wetu wa viwango umekuwa mjadala wa geti: lifungwe au lifunguliwe?

Kidato cha pili ndicho mfano mzuri. Mwaka 2008 Serikali iliondoa sharti la kukariri kwa waliofeli kidato hicho, na wanafunzi wakawa wanavuka. Mwaka 2012 sharti likarudishwa, wakati huo malalamiko yakiwa mengi kwamba vijana wanafika kidato cha nne bila msingi.

Kisha ikaja Februari 2013. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2012, na takriban asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Ilipofika Mei, Serikali ilifuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya kwa kutumia utaratibu wa mwaka uliotangulia.

Idadi ya waliofaulu ilipanda. Walichokuwa wanakijua wale vijana hakikuongezeka hata kwa nukta.

Lakini mwaka ule ulizaa jambo la maana pia. Macho yaligeukia chini, madarasa ya kwanza. Kuanzia 2015 darasa la kwanza na la pili yalipewa mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK, kabla ya kubebeshwa masomo mengine. Januari 2016 elimu bila ada ikaanza, na watoto wakafurika mashuleni.

Kufurika huko kulileta shida nyingine. Waraka wa Elimu Namba 3 wa 2016 ulieleza wazi kwamba mzazi bado ana wajibu wake: sare, madaftari, chakula, na kufuatilia maendeleo ya mtoto. Mitaani, hata hivyo, tafsiri iliyoshika mizizi ilikuwa fupi zaidi: elimu ni bure, kwa hiyo shule ni ya Serikali. Wazazi wengi wakajiweka pembeni, na mikutano ya shule ikabaki ya kina mama watatu, mwenyekiti wa kamati na mwalimu mkuu.

Wanaotaka mtoto akariri

Hoja ya kufunga geti ina watu wake, nao si watu wabaya. Mwalimu wa darasa la tano akiletewa mtoto asiyejua kusoma aya moja ya Kiswahili, hana cha kumfundisha kwenye Sayansi. Kumvusha ni kumdanganya, wanasema. Afadhali akae mwaka mmoja zaidi, akomae.

Shule nyingi za binafsi zilikwenda mbali zaidi na kujiwekea wastani wao, juu ya ule wa taifa. Asiyefika aliambiwa akariri au atafute shule nyingine. Mwishoni mwa 2017 Wizara ya Elimu, chini ya Profesa Joyce Ndalichako, ilipiga marufuku: aliyefikia kiwango cha taifa asikaririshwe wala kufukuzwa kwa sababu ya wastani wa shule. Baadhi ya wamiliki hawakuridhika. Kwao, mzazi analipa ada kwa ajili ya kiwango, na kiwango kinahitaji makali.

Makali hayo yalikuwa na soko. Kila matokeo yalipotoka, orodha ya shule kumi bora ilipamba kurasa za mbele, na shule zilizokuwemo zilipata foleni ya wazazi. Januari 2023, akitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Kaimu Katibu Mtendaji wa NECTA Athumani Amasi alieleza kuwa Baraza limeachana na kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Shule hazisomeshi katika mazingira yanayofanana, na kuzipanga kwenye ngazi moja hakukuwa na tija.

Wapo wazazi waliouchukia uamuzi huo. Walisema wamenyang'anywa taarifa. Naelewa kilio chao, kwa sababu orodha ile ilikuwa kitu pekee walichoweza kukisoma wakakielewa. Ila ilikuwa inawaambia shule ipi imechagua watoto wenye uwezo. Haikuwaambia shule ipi inamwinua aliyeanguka.

Wanaosema avuke

Upande wa pili nao una hoja nzito. Kukariri darasa ni kurudia somo lilelile, kwa mwalimu yuleyule, kwa njia ileile iliyoshindikana mara ya kwanza. Mtoto anakaa dawati moja na wadogo zake. Anaitwa kilaza. Baada ya miezi kadhaa anaanza kutoroka, na akiwa wa kike hatari ya kuolewa mapema inasogea.

Nchi imeshaona namna ilivyo vigumu kumrudisha aliyetoka. Mwishoni mwa 2021 Serikali ilifungua mlango kwa wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, warudi kwenye shule za kawaida. Ulikuwa uamuzi wa heri. Lakini kumzuia asitoke ni rahisi kuliko kumrudisha.

Basi tuna kambi mbili, moja inasema azuiwe, nyingine inasema apite. Nimezisikiliza zote, na naona zinabishania mahali pasipo na jibu. Mtoto asiyejua kutoa kwa kuazima akizuiwa mlangoni bado hajui. Akipitishwa bado hajui.

> Kumzuia si kumfundisha. Kumvusha si kumfundisha. Kumfundisha ni kumfundisha.

Mwalimu naye ana mikono miwili

Ni rahisi kumnyooshea mwalimu kidole. Twende kwanza mezani kwake.

Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwenye shule nyingi za umma mijini, darasa moja linapita watoto mia. Mwalimu huyo akitoa maswali matano ya Hisabati, ana majibu 500 ya kusahihisha kabla ya kesho asubuhi. Ataweka vema, ataweka kosa, atatia saini. Hatapata nafasi ya kukaa na binti mmoja na kumuuliza 385 imetoka wapi.

Jibu la mitaani ni tuisheni. Jioni, chini ya mwembe au kwenye sebule ya mwalimu, watoto wanalipiwa kwa siku au kwa wiki. Aliye nacho anarekebishwa. Asiye nacho anasubiri Januari. Elimu bila ada imefika mlangoni mwa darasa, na ule msaada ambao ungemkomboa dhaifu umebaki nje, unauzwa.

Je, fedha zaidi kwa shule zingetosha? Tunalo jibu lililopatikana hapahapa nchini. Mwaka 2013 na 2014 taasisi ya Twaweza iliendesha mradi wa KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10, na watafiti wakiongozwa na Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan wakachapisha matokeo mwaka 2019. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonyesha ongezeko la maana katika alama za watoto. Zilizopewa ruzuku na papo hapo walimu wakalipwa kwa kila mtoto aliyefaulu kusoma na kuhesabu, zilionyesha.

Funzo lake kwa mzazi ni hili: vitabu na fedha huzaa matunda pale ambapo kuna mtu anayedaiwa jibu la swali moja, huyu mtoto amejua au hajajua?

Twaweza haohao ndio waliolea Uwezo, upimaji wa majumbani uliofanyika Tanzania mara ya kwanza mwaka 2010 kwa kufuata mfano wa India. Watu wa kujitolea waligonga nyumba kwa nyumba na kuwapa watoto hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kwa watoto wa darasa la tatu, takriban watatu tu kati ya kumi waliweza kuisoma. Wazazi wengi walikuwa wamekaa palepale, kwenye mkeka wao, wakimsikiliza mtoto wao akikwama. Kwa baadhi yao ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kujua.

India nako shirika la Pratham lilikuza njia ambayo baadaye ilivuka hadi Zambia na Botswana: kwa saa moja au mbili kwa siku, watoto hupangwa kwa kile wanachokijua badala ya darasa wanalosoma. Wa darasa la tano asiyejua silabi anakaa na wenzake wasiojua silabi, bila aibu, mpaka azijue. Haihitaji jengo jipya. Inahitaji ratiba, na uamuzi wa mwalimu mkuu.

Msaada uliopo kwenye makaratasi

Mzazi wa Tanzania hayuko mikono mitupu. Sera na miongozo yetu inatambua mambo mengi ambayo hayasemwi kwenye kikao.

Upo ufundishaji rekebishi: kumrudia mtoto kwenye mada aliyoikosa, ikiwa sehemu ya kazi ya shule. Huu hauhitaji kuitwa tuisheni wala kulipiwa kama tuisheni.

Upo MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, kwa mtoto aliyechelewa kuanza au aliyeacha.

Ipo kamati ya shule kwa shule za msingi na bodi kwa sekondari, na humo wazazi wana viti vyao. Katika mikoa kadhaa umeanzishwa pia Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWAWA, ambapo wazazi huchaguana kwa kila darasa. Mtu wa UWAWA akiwa mkali wa upole, mahudhurio hubadilika.

Na upo msaada ambao wengi hawaujui kabisa. Mtahiniwa mwenye uoni hafifu huandaliwa karatasi ya maandishi makubwa, na asiyeona huandaliwa ya nukta nundu. Wenye mahitaji maalumu huongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Lakini NECTA haiwezi kubashiri. Mtoto lazima atambuliwe na shule na taarifa yake iingizwe mapema, wakati wa usajili.

Ni watoto wangapi wameitwa wazito wakati shida ni macho? Anayekunja uso akitazama ubao, anayenakili kwa mwenzake badala ya ubaoni, anayesogeza daftari puani: apelekwe hospitali kabla hajapelekwa tuisheni.

2027 iko mlangoni

Kuna sababu ya kuyasema haya sasa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma mwanzoni mwa 2025, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi. Elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, kisha mtoto anaendelea na miaka minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, ukianza na madarasa machache, likiwemo la tatu.

Hesabu mwenyewe. Walioanza darasa la kwanza 2022 watamaliza la sita mwaka 2027. Walioanza 2021, kwa mfumo wa zamani, watamaliza la saba mwaka huohuo. Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja.

Binti wa jirani yangu alianza darasa la kwanza 2021. Yeye na wenzake ndio darasa la saba la mwisho.

Wanaokuja nyuma yao hawatakutana na lile geti la zamani la darasa la saba. Wataendelea wote hadi kidato cha nne, na ni jambo jema. Mtoto wa miaka kumi na mbili au kumi na tatu hana la kufanya mtaani. Lakini geti lilikuwa pia kengele, hata kama ililia kwa kuchelewa. Likiondoka, udhaifu wa darasa la nne utasafiri kimyakimya hadi kidato cha nne. Humo njiani mtoto wa shule ya umma, aliyesoma msingi kwa Kiswahili, atakuwa amekutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza. Mwenye E ya Kiingereza atakaa darasani akinakili maneno ubaoni bila kuyaelewa.

Kwa hiyo upimaji wa njiani unabeba sasa mzigo uliokuwa wa mtihani. Ukiendelea kuleta herufi peke yake, tutakuwa tumebadilisha miaka ya kusoma tukaacha kujua kulekule.

Maswali matatu ya kupeleka shuleni

Mzazi mwenye matokeo mkononi anaweza kwenda shuleni na maswali matatu. Hayahitaji elimu kubwa kuyauliza.

La kwanza: anakosea wapi? Acha kuuliza amepata ngapi, hilo umeshaliona. Nenda na daftari, mwombe mwalimu akuonyeshe makosa mawili au matatu yanayojirudia. Mwalimu anayemjua mtoto ataonyesha. Asiyemjua ataanza kumjua siku hiyo.

La pili: nani atamrekebisha, siku gani, saa ngapi? Jibu la kwamba wanajitahidi halitoshi. Kama shule haina ratiba ya ufundishaji rekebishi, jambo hilo lipelekwe kwenye kamati ya shule, na lisemwe na wazazi wengi kwa pamoja ili lisionekane ugomvi wa mtu mmoja.

La tatu: tutajuaje kuwa amesogea? Mkubaliane tarehe, baada ya wiki sita kwa mfano. Siku hiyo mtoto apewe maswali ya aina ileile aliyokosa. Hicho ndicho kipimo cha kurudia, kama zahanati.

Nyumbani kuna kipimo cha bure pia. Mpe mtoto wa darasa la nne kitabu cha darasa la pili, asome aya moja kwa sauti. Hata mzazi asiyejua kusoma atasikia: akikokota kila neno, silabi kwa silabi, basi shida ya Sayansi na Uraia si Sayansi wala Uraia. Ni kusoma. Aanzie hapo.

Serikali nayo ina la kufanya, na si la gharama kubwa. NECTA tayari huchambua majibu ya watahiniwa na kueleza wapi walikosea, lakini uchambuzi huo huandikwa kwa ajili ya walimu na watunga sera. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi kwa kila shule, unaosema watoto wenu wamekwama hapa na hapa, ukasomwa kwenye mkutano wa wazazi wa Januari, ungefanya kazi kubwa. Na ile D ya darasa la nne iitwe jina lake: mtoto anayehitaji msaada.

Chenji ya elfu tano

Wiki moja baada ya soda ile, nilipita kwenye meza ya jirani yangu alfajiri. Mama alikuwa anakaanga, binti anahudumia. Mteja mmoja alichukua chapati tatu za mia tano na maandazi manne ya mia mbili, akatoa noti ya elfu tano. Binti alitazama juu kidogo, akahesabu mkononi, akamrudishia elfu mbili na mia saba. Hakushika kalamu.

Ni mtoto yuleyule aliyeandika 385.

Nilimwita mama yake pembeni nikamwonyesha karatasi niliyokuwa nimeitunza, nikamweleza kosa lilipo. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba hata yeye akikosa chenji huvunja noti kwa muuza genge, na binti ndiye humtuma. Kuvunja noti ndiko kuazima kwenyewe: kumi moja inavunjwa ziwe moja kumi, halafu unatoa. Mtoto alikuwa analifanya kila asubuhi. Hakuna aliyemwambia kuwa ndilo linalodaiwa kwenye daftari.

Shule zilipofunguliwa, mama alifunga meza mapema siku moja. Alivaa gauni lake la kutokea, akalikunja daftari la Hisabati ndani ya mfuko wa rambo, akaenda shuleni kumwona mwalimu wa darasa la tano. Njiani alinipitia nimkumbushe lile swali la kwanza, asije akalisahau.

Anakosea wapi?